Muuzaji akisema "mimi nauza tu": nani anawajibika krimu ya uso ikiharibu figo?

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa Kisauni, Mombasa. Mwaka huu nilimnunulia binti yangu wa miaka 21 makopo mawili ya krimu ya uso katika duka moja la vipodozi mjini, kwa ajili ya madoa ya chunusi. Alijipaka kwa miezi kadhaa. Akaanza kuamka uso umevimba, kisha miguu, na mkojo ukawa na povu. Hospitali wamesema figo zinavuja protini, na daktari alipoliona kopo alituambia tuache mara moja kwani anashuku lina zebaki. Niliporudi dukani, mwenye duka aliniambia yeye hatengenezi krimu, anauza tu. Alitaka kunirudishia pesa zangu nikitia sahihi karatasi ya kwamba sina madai tena. Sikutia sahihi. Kopo halina anwani ya kampuni, limeandikwa jina la nchi ya nje tu. Je, yuko wa kuwajibika, au nimwachie Mungu?

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Mola amponye binti yako. Wapo wa kuwajibika, tena zaidi ya mmoja, na maneno ya mwenye duka kwamba yeye anauza tu hayana uzito anaodhani yanao. Hata hivyo, kabla sijaingia kwenye sheria, kuna mambo mawili ambayo hayangoji. La kwanza ni vipimo. Mwombe daktari ampime binti kiwango cha zebaki kwenye mkojo, mbali na kile kipimo cha protini alichokwisha kufanyiwa, na jambo hilo lifanyike wiki hii. Mtu akiacha kujipaka, mwili huanza kuitoa zebaki kidogo kidogo, na kila wiki inayopita kiwango kinashuka. Kwa afya yake hilo ni jema, lakini kwa ushahidi ni hasara, kwa kuwa kipimo kitakachofanywa baada ya miezi mingi kinaweza kutoka safi, na wakili wa upande wa pili atasimama mahakamani aulize ni zebaki gani hiyo mnayoizungumzia.

La pili ni makopo yenyewe. Usiyatupe, usiyaoshe, wala usihamishie krimu kwenye chombo kingine. Yatie kwenye mfuko unaofungika, uyaweke mbali na jikoni na mahali watoto wasipofika, kwa sababu zebaki hutoa mvuke hata ikiwa ndani ya nyumba. Taulo na foronya alizokuwa akitumia binti zisitumiwe na mtu mwingine. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo au mama mjamzito, mweleze daktari, nao wapimwe. Familia nyingi hushughulika na mgonjwa mmoja zikasahau kwamba krimu hutoka usoni mwa mwenye kujipaka ikafika mikononi mwa kila anayembeba au kulala naye.

Sasa tuje kwa mwenye duka. Anachanganya mambo mawili, kosa na dhima, yaani wajibu wa kisheria wa kulipa. Inawezekana kabisa kwamba hakujua kilichomo ndani ya kopo, na inawezekana moyoni anajiona hana kosa. Lakini Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, ambayo ni ya zamani na imejaribiwa mahakamani mara nyingi, inamfanya mtu anayeuza bidhaa kama kazi yake ya kila siku awe ametoa ahadi kwa mnunuzi kwamba bidhaa hiyo ina ubora wa kuuzika, na kwamba inafaa kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza anaitakia. Ahadi hiyo ipo hata kama haikutamkwa, na ikivunjika hapaulizwi kama muuzaji alijua. Kama ulimwambia unataka krimu ya madoa ya chunusi ya binti, naye akakuchagulia hiyo rafuni, alibeba dhima ya uchaguzi wake. Akiona ameonewa, ana njia yake: amgeukie duka la jumla lililomuuzia, nalo limgeukie aliyeliuzia, mpaka mzigo ufike unapostahili kufika. Sheria haimtaki mama wa Kisauni aifuate safari hiyo yote peke yake ilhali mwenye duka ndiye aliyepokea pesa zake mkononi.

Juu ya hayo yote ipo Katiba. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa taarifa anazohitaji ili azitumie vizuri, haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya kulipwa fidia kwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa. Kifungu hicho kinawafunga watu binafsi na kampuni sawasawa na kinavyoifunga Serikali. Mara nyingi huwasikia watu wakizungumzia Katiba kana kwamba ni jambo la wanasiasa na uchaguzi. Kifungu hiki kinazungumza moja kwa moja na mtu aliyesimama dukani na kopo mkononi.

Kuhusu ile karatasi, ulifanya vyema kukataa, na uendelee kukataa. Kuna tofauti kubwa kati ya maandishi mawili ambayo watu huyachukulia kuwa ni kitu kimoja. Maneno yaliyochapishwa kwenye risiti au kubandikwa ukutani, ya aina ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi", hayawezi kukuondolea haki zako, kwani Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema haki ilizozitoa zinabaki pale pale hata kama kuna makubaliano ya kuzikana. Lakini karatasi unayotia sahihi baada ya madhara kutokea, ukapokea pesa na kuandika kwamba umeridhika, inaweza kuhesabiwa kuwa ni suluhu ya mgogoro, na kuipindua baadaye ni kazi ngumu. Bei ya makopo mawili haiwezi kulinganishwa na gharama ya kutibu figo. Akikupigia tena, mjibu kwa adabu kwamba utamjibu kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria: mnunuzi ni wewe, lakini aliyeumia ni binti yako, naye ametimiza miaka 18, kwa hiyo kesi ya madhara ya mwili ni yake na itafunguliwa kwa jina lake. Wewe utakuwa shahidi muhimu, na unaweza kudai pesa zako ulizotoa kununulia krimu na gharama za matibabu ulizolipa. Mwenye duka anaweza kujaribu kusema kwamba hakuwahi kumuuzia binti chochote. Hoja hiyo ilikwisha nguvu zamani. Mwaka 1928, katika mji wa Paisley huko Scotland, mwanamke mmoja alinunuliwa kinywaji cha tangawizi na rafiki yake, na baada ya kunywa sehemu yake akaona mabaki ya konokono yakimiminika kutoka kwenye chupa. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, hivyo hakuna aliyeweza kuona ndani. Hakuwa amenunua yeye, wala hakuwa na mkataba na mtu yeyote. Kesi hiyo, Donoghue dhidi ya Stevenson, ilifika Baraza la Malodi mjini London, na mwaka 1932 majaji watatu dhidi ya wawili waliamua kwamba mtengenezaji anayepeleka sokoni bidhaa iliyofungwa, akijua kwamba itamfikia mtumiaji bila ya kukaguliwa njiani, ana wajibu wa kumkinga mtumiaji huyo na madhara. Mahakama za Kenya zinaifuata kanuni hiyo mpaka leo. Kopo la krimu lililofungwa kwa karatasi ya fedha chini ya kifuniko lina hali ile ile ya chupa nyeusi. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji, katika kueleza mtumiaji ni nani, inamhesabu pia anayeitumia bidhaa hata kama si yeye aliyeinunua.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana kesi za namna hii huamuliwa na swali moja: nani alijua, au alipaswa kujua? Kampuni nyingi hujitetea kwamba madhara hayakutarajiwa. Kwa zebaki kwenye krimu za uso, utetezi huo haufai kusikilizwa nchini Kenya, na nitakueleza kwa nini. Mwaka 1972 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti uliofanywa na madaktari wa Nairobi juu ya wagonjwa watu wazima waliolazwa kwa ugonjwa wa figo kuvuja protini, ugonjwa ule ule wa binti yako. Waliwachunguza wagonjwa 60, wakakuta kwamba zaidi ya nusu walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Miongoni mwa walioacha, wapo ambao maradhi yaliwaondoka, na hilo nakuandikia kwa makusudi ili usikate tamaa juu ya binti. Basi tangu mwaka huo habari ilikuwa wazi, imeandikwa, na imetoka hapa hapa kwetu. Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi mwaka 1976, lakini viwanda kadhaa vya huko viliendelea hadi miaka ya 1990 kutengeneza sabuni zenye zebaki kwa ajili ya kuuzwa Afrika. Walioziuza walijua ngozi zilizokuwa zikilindwa na ngozi zilizoachwa, na mimi sioni jina jingine la kuliita jambo hilo isipokuwa dhuluma.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na homoni mwaka 2001 kupitia Shirika la Viwango, yaani KEBS. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulitaka vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni visitengenezwe wala kuvushwa mipaka baada ya mwaka 2020. Mwezi Novemba 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata kile kiwango kidogo, ili marufuku iwe kamili ifikapo mwaka 2025. Kenya iliridhia mkataba huo mwaka 2023. Kwa hiyo mtu anayeagiza krimu za uso leo hawezi kusimama mbele ya hakimu akasema suala la zebaki ni jipya kwake.

Lichukue kopo lako ulisome polepole, hata maandishi madogo ya chini na karatasi ya ndani kama ipo. Mara chache sana utaona zebaki imetajwa waziwazi; ikitajwa, huwa kwa majina ya kikemia au ya lugha za kigeni, kama vile "calomel", "mercurous chloride", "ammoniated mercury" au "mercurio". Mara nyingi haitajwi kabisa, na orodha ya viungo husema maji, mafuta na manukato. Tazama basi maelekezo ya matumizi. Kama imeandikwa kwamba krimu isiguse dhahabu, fedha, aluminiamu, mpira au vito, hiyo ni dalili ambayo hata Shirika la Afya Duniani limeieleza, kwa sababu zebaki hushikana na metali hizo na kuziharibu. Fikiria maana yake, mama. Mtu aliyeandika onyo hilo alijua kilichomo ndani. Akaona vyema kuilinda pete iliyo kidoleni mwa mwanamke, na ngozi ya kidole chenyewe akainyamazia. Mahakamani, sentensi kama hiyo kwenye kopo ina thamani kuliko mashahidi wengi.

Sasa, kwa kuwa kopo halina anwani, tumtafute mwagizaji, kwa maana yeye ndiye kiungo muhimu kuliko wote katika kesi ya namna hii. Mtengenezaji yuko mbali, mwenye duka uwezo wake wa kulipa ni mdogo, lakini aliyeileta shehena ndiye aliyechagua kununua kutoka kiwanda kile, aliyekuwa na uwezo wa kudai cheti cha vipimo, na aliyepata faida ya jumla. Bidhaa halali inayoingia kupitia Bandari ya Mombasa huwa na nyaraka. Tangu mwaka 2005 KEBS ina utaratibu wa kukagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, na mwagizaji hupewa cheti cha kuthibitisha kwamba zimetimiza viwango. Zikifika, hutakiwa kubeba stika ya alama ya uagizaji. Kama kopo lako lina stika, usiibandue. Namba iliyo juu yake inaweza kuhakikiwa KEBS, na wanaweza kujua imetolewa kwa nani. Kama halina, basi hilo lenyewe ni ushahidi kwamba liliingia kwa mlango wa nyuma, na kila aliyelishika njiani alikuwa na sababu ya kujiuliza. Nataka niongeze kwamba stika haimwokoi mwagizaji. Stika za bandia zipo, na hata ya kweli inaonyesha tu kwamba taratibu zilifuatwa siku ile. Haifanyi sumu kuwa dawa.

Mwenye duka atasema hakumbuki alinunua kwa nani. Hapo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, ambayo ina sehemu nzima juu ya ustawi wa watumiaji, inakupa silaha ambayo wengi hawaijui. Mdai asiyemfahamu mtengenezaji anaweza kumwandikia muuzaji barua rasmi akimtaka ataje aliyetengeneza au aliyemuuzia bidhaa hiyo, na muuzaji akishindwa kumtaja katika muda uliowekwa, sheria inamchukulia yeye mwenyewe kuwa ndiye mtengenezaji. Nimeona jinsi kumbukumbu zinavyorudi haraka barua kama hiyo inapofika. Ukishapata jina la kampuni iliyoagiza, wakili wako ataomba kwenye usajili wa kampuni, kupitia eCitizen, ile hati iitwayo CR12, inayoonyesha wakurugenzi, wenye hisa na anwani iliyosajiliwa. Afanye hivyo mapema, maana kuna kampuni zinazofungwa na kufunguliwa upya kwa jina jingine mara tu malalamiko yanapoanza.

Mtengenezaji wa nje naye anaweza kushtakiwa hapa, kwa kibali cha mahakama cha kumpelekea hati za kesi nje ya nchi. Lakini nisikufiche: hukumu ya Mombasa haijitekelezi yenyewe Karachi, Bangkok au Guangzhou, na kampuni isiyoandika hata anwani yake kwenye kopo haikukusudia kupatikana. Hata kampuni kubwa zenye majina na majengo ya fahari hupigana miaka mingi. Johnson & Johnson ya Marekani, iliyokabiliwa na maelfu ya kesi za watu wanaodai kwamba poda yake ya watoto yenye talki iliwasababishia saratani, iliamriwa na baraza la mahakama St. Louis mwaka 2018 kuwalipa wanawake 22 dola bilioni 4.69, kiasi ambacho mahakama ya rufaa ilikipunguza mwaka 2020 kuwa dola bilioni 2.12, na mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufaa ya kampuni. Mwaka huo huo wa 2021 kampuni iliunda kampuni tanzu, ikaitwika madeni ya kesi hizo, kisha ikaipeleka kufilisika. Mahakama zilikataa mpango huo, na jaribio jingine la namna hiyo lilikataliwa mwaka 2025. Kampuni inakana kwamba poda yake ilisababisha saratani. Linaloniuma zaidi ni jingine: iliacha kuuza poda ya talki Marekani na Canada mwaka 2020, lakini katika nchi nyingine haikuacha hadi mwaka 2023. Mama wa Mombasa na mama wa Chicago wana haki ya kupata uamuzi huo siku moja.

Hebu sasa turudi kwenye ushahidi, kwa kuwa haki bila ushahidi haisogezi faili. Unahitaji kuthibitisha mambo matatu yanayoshikana: kwamba krimu ina zebaki, kwamba zebaki imo mwilini mwa binti, na kwamba krimu hiyo ilitoka kwenye duka lile. La kwanza litathibitishwa na maabara. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi Mombasa, na KEBS nayo ina maabara zake. Ni bora sampuli ipelekwe kwa barua, ipokewe kwa sahihi, na kopo moja libaki limefungwa vile vile kwa ajili ya upande wa pili kuomba vipimo vyao. Una bahati ya kuwa na makopo mawili. Yapige picha kabla hayajatoka nyumbani, pande zote, namba ya toleo na tarehe zikisomeka. La pili ni kazi ya daktari, na umwombe ripoti iliyoandikwa, yenye kueleza ni nini anachokiona kuwa chanzo na kwa nini ameondoa vyanzo vingine kama vile maambukizi, kisukari au ugonjwa wa lupasi. Ripoti inayosema tu "mgonjwa ana ugonjwa wa figo" haitoshi.

La tatu ndilo ambalo watu hushindwa nalo kwa sababu hawakuchukua risiti. Kama ulilipa kwa M-Pesa, ujumbe ule unaonyesha jina la mpokeaji, tarehe na kiasi; usiufute, na taarifa yako kamili unaweza kuiomba kwa mtoa huduma. Kama mlizungumza kwa WhatsApp, mazungumzo hayo ni ushahidi pia, ila lazima yachapishwe yakiambatana na cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza yametolewa kwenye simu gani na nani aliyeyachapisha. Kesi nzuri zimewahi kulegea kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Ujiandae vilevile kwa maswali yao. Watataka kujua kila kitu alichojipaka binti katika mwaka mzima: sabuni, losheni, mafuta ya nywele, na kama aliwahi kuchanganya krimu kadhaa kwenye kikopo kimoja, ule mkorogo unaouzwa mitaani bila jina. Mwambie aseme kweli yote kwa wakili wake, hata lile analoliona aibu. Kama kulikuwa na bidhaa nyingine, nazo zipimwe. Pengine zitaonekana safi na hoja yao itaanguka. Na hata ikionekana kwamba alijipaka zaidi ya maelekezo, mahakama inaweza kupunguza fidia kwa sehemu yake ya uzembe bila ya kuifuta. Watakaotaka kumlaumu kwa kutaka uso wenye rangi nyeupe, waulizwe lini madoa ya chunusi yamekuwa kosa. Na hata angetaka kubadilisha rangi, sheria haisemi kwamba anayefuata urembo amehalalishiwa sumu.

Kuhusu mahakama, Mahakama ya Madai Madogo ya Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, ikiwemo fidia ya madhara ya mwili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe. Kwa madai ya bei ya krimu na bili za mwanzo za hospitali, ni mahali pazuri. Kwa binti yako, hata hivyo, ningesita. Bado hatujui figo zitatengemaa kwa kiasi gani. Akihitaji matibabu ya miaka, milioni moja itakwisha mapema, na ukishahukumiwa huwezi kurudi na dai lile lile. Mahakama ya Hakimu Mkuu inaweza kusikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, na kwa ushahidi wa kitaalamu wa aina hii ndiko ningempeleka. Asiyeweza kumlipa wakili aende Kituo cha Sheria, ambacho kina tawi Mombasa, au aombe msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Msikae mkingoja mpaka apone kabisa. Dai la uzembe lina ukomo wa miaka mitatu, na la kuvunjwa kwa mkataba wa mauzo miaka sita. Kuna nafuu kwa mtu ambaye hakuweza kujua mambo ya msingi kwa wakati, lakini nyinyi mmeshaambiwa na daktari, kwa hiyo msiitegemee. Ikiwa mtaona haja ya kuidai Serikali yenyewe, muda ni mfupi zaidi, mwaka mmoja tu kwa madai ya uzembe.

Je, taasisi za umma zinaweza kuwajibishwa kwa kuiachia bidhaa ipite? Watu wa Mombasa wana jibu karibu nao. Wakazi wa kijiji cha Owino Uhuru, ambao waliathiriwa na madini ya risasi (lead) kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa ubavuni mwa nyumba zao, walifungua kesi wakiongozwa na Phyllis Omido na shirika lake. Mwaka 2020 Mahakama ya Ardhi na Mazingira ya Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikaigawa dhima kati ya kampuni na taasisi za Serikali zilizokuwa na kazi ya kusimamia. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, na mwezi Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kile kilikuwa kiwanda na hiki ni kipodozi, lakini kanuni iliyosimamishwa pale ni kwamba mdhibiti aliyelala hawezi kujificha nyuma ya kampuni, wala kampuni nyuma ya mdhibiti aliyeipa kibali. Nguvu yao ilikuwa kwamba walikwenda wengi. Sheria ya Kulinda Watumiaji inaruhusu mtu mmoja kufungua kesi kwa niaba ya kundi lenye malalamiko ya aina moja, na krimu ile haikuuzwa kwako peke yako. Waulize wanawake wa mtaani kwenu, saluni na misikitini, kama wapo wenye kopo la jina hilo hilo na uso unaovimba asubuhi.

Kwa ajili yao, peleka malalamiko KEBS na kwa afisa wa afya ya jamii wa kaunti, na kama krimu ilikuwa ikiuzwa kama dawa au ina steroidi, peleka pia kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea ripoti za madhara kutoka kwa mgonjwa mwenyewe na si kwa madaktari peke yao. Malalamiko hayo hayakuletei fidia, na kesi haiondoi krimu rafuni. Ni njia mbili tofauti, na zote mbili mzianze sasa. Taja namba ya toleo, omba nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, uiweke pamoja na ripoti ya daktari. Bidhaa ikiondolewa sokoni kwa tangazo la KEBS, wakili wako ataomba ripoti ya vipimo iliyosababisha tangazo hilo, naye mwagizaji itambidi ajibu vipimo vya Serikali pamoja na vya kwenu.